Fort Jesus, Gereza la Zamani la Mombasa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ndiyo maswali ambayo jamaa wa bara, wanafunzi na wageni wa ng'ambo huyarudia kabla ya kuteremka Ngomeni. Anayejibu ni mtu wa mjini, kwa hivyo usishangae ukikuta maoni humu ndani. Utaona pia kuna jambo moja nimelivalia njuga: ngome ya Wareno inajulikana na kila mtu, lakini gereza la Waingereza lililokaa humo kwa miaka 63 halitajwi ila kwa sentensi moja, tena ya kupitia tu.

Ngomeni na Fort Jesus ni mahali pamoja?

Ndiyo. Wenyeji wa Mji wa Kale husema Ngomeni, tiketi imeandikwa Fort Jesus. Iko ukingoni mwa kisiwa, juu ya mwamba wa matumbawe, pale bahari inapoanza kuingia Bandari ya Kale. Ukishuka na Nkrumah Road mpaka mwisho, umefika.

Ilikuwa gereza tangu lini mpaka lini?

Kuanzia 1895 hadi 1958. Mwaka 1895 Waingereza walitangaza himaya yao huku Afrika Mashariki. Waliikuta ngome ikiwa kambi ya askari wa Sultani wa Unguja, nao wakaigeuza jela. Wala haikuwataka kazi kubwa. Kuta nene, lango moja, handaki upande wa nchi kavu na bahari upande wa pili: jengo lililokusudiwa kumzuia adui asiingie lilimfaa pia mfungwa asitoke.

Kuna kioja kimoja hapa ambacho wanafunzi hukipenda. Kisheria mwambao ulibaki nchi ya Sultani, na Waingereza walikuwa wakimlipa kila mwaka ili wauendeshe. Ndiyo sababu bendera nyekundu ya Sultani iliendelea kupepea juu ya Fort Jesus hadi Desemba 1963, Kenya ilipopata uhuru. Kwa hiyo mtu aliyefungwa Ngomeni mwaka 1930, tuseme, alihukumiwa na Mwingereza, akalindwa na askari wa Mwingereza, chini ya bendera ya Sultani.

Na kabla ya hapo?

Hapa hadithi ni ndefu, nami nitaikata.

Wareno waliianza mwaka 1593 na kuimaliza 1596, kwa amri ya mfalme Philip wa Pili wa Hispania, ambaye wakati huo alitawala Ureno pia. Aliyeichora ni Mwitaliano, Giovanni Battista Cairati. Ukiitazama kwa juu ina umbo la mtu aliyelala: kichwa kinaelekea baharini, mikono na miguu ni zile kona nne zilizochomoza ambazo Wareno walizipa majina ya watakatifu. Wajenzi wa Ulaya wa zama hizo waliamini kwamba jengo zuri hufuata vipimo vya mwili wa binadamu. Lakini kona zile hazikuwekwa kwa urembo. Zimepangwa hivi kwamba adui akifika chini ya ukuta wowote, kuna mzinga unaomwona kutoka ubavuni.

Mwaka 1631 Yusuf bin Hassan, mtawala wa Mombasa aliyelelewa na Wareno huko Goa, akabatizwa na kupewa jina la Dom Jerónimo Chingulia, aliigeuka mikono iliyomlea. Alimuua kapteni wa ngome na kuishika. Wareno waliirudia mwaka uliofuata, naye alikuwa ameshaondoka. Kisha ukaja mzingiro mkubwa. Waomani wa Imamu Saif bin Sultan waliizunguka ngome kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, miezi thelathini na mitatu. Waliokuwa ndani waliuawa na maradhi na njaa kuliko risasi. Na usidanganywe kwamba vita vile vilikuwa vya Mreno na Mwarabu tu, kwani watu wa mwambao walikuwamo pande zote mbili. Wareno walijaribu tena 1728, wakaishika ngome kwa muda mfupi, na 1729 wakaondolewa moja kwa moja.

Halafu wakaja Mazrui. Walitumwa kutoka Omani kuwa magavana, na nasaba ya Busaidi iliposhika hatamu huko kwao katika miaka ya 1740, Mazrui wa Mombasa walikataa kuitambua. Walijitawala karibu karne nzima, makao yao yakiwa humu ngomeni. Mwaka 1837 Seyyid Said aliwashinda, viongozi wao wakakamatwa kwa hila na kupelekwa Bandar Abbas. Hawakurudi. Makaburi ya Mazrui yako jirani na ngome. Ukipita hapo, pita kwa adabu.

Mbona nikiingia sioni safu za vyumba vya mahabusu?

Swali hili ndilo linalonifurahisha kuliko yote, kwa sababu anayeliuliza ameangalia.

Gereza limefichika kwa sababu ya namna makumbusho yalivyotengenezwa. Wafungwa walipoondolewa mwaka 1958, ngome ilitangazwa kuwa eneo la kihistoria linalolindwa, na Wakfu wa Gulbenkian wa Ureno ukatoa fedha za kuichimbua na kuikarabati. Kazi iliongozwa na James Kirkman, mwanaakiolojia ambaye alikuwa amechimbua pia magofu ya Gedi. Fedha za Ureno, mtaalamu wa mambo ya kale, ukoloni unakaribia kwisha: katika hali hiyo ni nani angetaka kuhifadhi vyumba vya jela vya juzi? Walitafuta kanisa, nyumba ya kapteni, birika la maji na michoro ya zamani, wakavipata. Makumbusho yalifunguliwa 1960. Tabaka la Waingereza, lililokuwa la juu kabisa na jipya kabisa, ndilo lililopewa nafasi ndogo kabisa.

Sisemi walikosea. Bila kazi ile tusingekuwa na Omani House wala ukumbi wa Mazrui wenye boriti zilizochongwa aya za Qurani. Nasema tu kwamba mgeni anayetaka kuliona gereza hana budi kulitafuta mwenyewe, tena kwa kuuliza.

Basi nilitafuteje?

Anzia langoni. Juu ya lango kuna jiwe la maandishi ya Kireno linalomtaja Francisco de Seixas de Cabreira, aliyefanywa kapteni wa ngome mwaka 1635 akiwa na miaka 27, likieleza alivyoijenga upya. Watalii hulipiga picha. Wewe simama kidogo uangalie ukubwa wa lango na wembamba wa njia, kisha ukumbuke kwamba ngome haikuwa na mlango mwingine wa maana wa kumwingiza mtu kwa miguu.

Ukiingia uwanjani, geuka polepole. Kila upande ni ukuta, na anga ndiyo peke yake iliyo wazi. Mawe ya matumbawe hunywa jua tangu asubuhi, na mchana uwanja unakuwa tanuri. Hapo ndipo utaelewa kifungo cha Ngomeni kuliko kwa kusoma kibao chochote. Bahari unaisikia wala huioni mpaka upande juu.

Halafu nenda kwenye njia ya matao, ile iliyochongwa ndani ya mwamba kuteremka hadi baharini. Ilichongwa ili vitu na watu kutoka meli viingie bila kuzunguka mbele. Mle ndani kuna ubaridi hata jua likiwa la utosi, na mwisho wake unaona maji. Mfungwa aliyeijua njia ile, sijui aliiotaje usiku.

Waongozaji watakuonyesha pia vyumba vidogo ambavyo husema vilikuwa vya wafungwa. Vitazame, lakini wakikusimulia habari za chumba cha mateso na minyororo, waulize kwa upole wamezipata wapi. Wengine watakujibu vizuri sana. Wengine watacheka, nawe utajua.

Waliofungwa humo walikuwa nani?

Ukiuliza majina makubwa utakatishwa tamaa. Gereza la mji wa bandari hulisha watu wadogo: wezi, walevi, waliopigana, mabaharia waliokorofishana na manahodha. Na Kenya ya mkoloni ilikuwa na makosa yake maalumu yaliyojaza jela kote nchini, kama kutolipa kodi ya kibanda au kutembea bila kipande, kile kitambulisho alicholazimishwa Mwafrika. Wengi wa watu hao walikuwa na wake na watoto, walikaa miezi michache, wakatoka, na jina halikuandikwa ukutani.

Ndiyo maana mimi hupendekeza kitu kimoja kwa walimu wanaoleta wanafunzi. Kabla ya safari, waambieni watoto wakaulize nyumbani. Familia nyingi za pwani zina babu au mjomba wa babu ambaye "alipelekwa Ngomeni" kwa jambo fulani, na kila nyumba ina simulizi yake, nyingine za aibu, nyingine za kuchekesha. Mtoto akija na simulizi moja kama hiyo ataiona ngome kwa jicho lingine kabisa.

Hapa kuna sanaa, au ni mawe na mizinga tu?

Sanaa ipo, tena iliyo bora kuliko zote ni ya watu waliochoka kukaa ndani.

Humo katika maonyesho kuna ukuta wa plasta uliojaa michoro ya askari na mabaharia wa Kireno: meli zenye tanga, samaki, watu, majengo. Si kazi ya msanii wa kulipwa. Ni mtu aliyekaa zamu yake, hana la kufanya, akachukua makaa na udongo mwekundu akachora kile alichokikumbuka au alichokuwa akikiona mbele yake. Meli zimechorwa kwa uangalifu wa mtu anayeijua kamba moja moja. Watu wamechorwa kama mtoto anavyochora. Hebu kaa hapo kidogo. Wengi hupita wakikimbilia mizinga.

Kisha kuna vitu vilivyotolewa baharini. Manowari ya Kireno, Santo António de Tanná, iliyojengwa Bassein nchini India, ilizama mbele ya ngome mwaka 1697, ilipokuja kuwasaidia waliozingirwa. Wapiga mbizi na wanaakiolojia waliichimbua kati ya 1977 na 1980. Mwili wa meli uliachwa chini, lakini vyombo vyake viko katika kumbi za makumbusho. Vile vya mizinga na silaha vina wapenzi wao. Mimi huwa naangalia vya kila siku, vile mtu alivyokulia na kunywea.

Sehemu ya vyombo vya udongo na kauri inaeleza biashara ya pwani bila maneno mengi: vya China, vya Uajemi, vya hapa hapa, vyote kabati moja. Pale Omani House, juu ya ukuta, kuna mapambo na vifaa vya nyumbani, na kwa watu wengi ndipo penye mandhari bora ya bahari katika ngome yote. Nje uwanjani utakuta mifupa ya nyangumi, ambayo haihusiani na gereza wala Wareno, na watoto hawataki kuiacha.

Ukitoka ngomeni, dakika chache kwa miguu, kuna Mahakama ya Zamani, jengo la 1902 ambalo sasa liko mikononi mwa Makumbusho ya Taifa na hutumika kwa maonyesho. Usiliruke. Mahakama na jela zilikuwa jirani, na ukitembea kutoka moja hadi nyingine, kwa miguu yako mwenyewe, unapata ile habari ambayo vibao havikukupa. Tena pale kwenye ukumbi wa hakimu leo ndipo panapotundikwa picha.

Na ile mizinga miwili mikubwa isiyofanana na ya Wareno?

Ni ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mmoja ni wa manowari ya Kijerumani Königsberg, mwingine wa manowari ya Kiingereza Pegasus. Königsberg iliizamisha Pegasus pale Unguja mnamo Septemba 1914, kisha ikajificha katika delta ya Rufiji, ambako nayo iliishia Julai 1915. Mizinga yao sasa imewekwa pamoja, na watoto huipanda pale mlinzi anapogeuza uso.

Ninahitaji mwongozaji?

Kama unakuja mara ya kwanza, ndiyo. Vibao vipo lakini ni vifupi, na jengo hili lina matabaka mengi mno kuweza kujieleza. Chukua mwongozaji anayetambuliwa na makumbusho, utampata langoni au ndani. Vijana watakaokufuata tangu ukishuka tuktuk si wabaya wote, na baadhi wanaijua Mji wa Kale kuliko kitabu. Ila pataneni bei kabla hamjapiga hatua ya kwanza, na useme wazi ni ngomeni tu au ni ngomeni pamoja na mitaani. Ugomvi wote ninaoushuhudia hapo nje hutokana na bei iliyotajwa mwishoni.

Mwambie mapema kwamba unataka kusikia habari za gereza. Usipomwambia atakupa Wareno saa nzima, kwa kuwa ndivyo wageni wengi wanavyotaka.

Tiketi ni kiasi gani na nalipaje?

Viwango vimegawanywa kwa makundi: Wakenya na wakazi, raia wa Afrika Mashariki, wageni wa nje, watoto na wanafunzi. Mkenya hulipa kidogo sana kuliko mgeni, kwa hiyo beba kitambulisho, maana Kiswahili kizuri peke yake hakikubaliki kuwa ushahidi. Usitegemee noti mfukoni, kwani taasisi za serikali zimehamishia malipo kwenye eCitizen, mfumo wa serikali wa mtandaoni. Hakikisha simu ina chaji na M-Pesa ina salio.

Vikundi vya shule viandike barua mapema kwa Makumbusho ya Taifa. Mnaweza kuja bila barua, lakini mtakapokutana langoni na shule nyingine tatu mtanikumbuka.

Hufunguliwa saa ngapi, na wakati gani ni mzuri?

Kila siku, saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Njoo saa mbili na nusu au baada ya saa tisa alasiri. Katikati ya hapo jua halina huruma na kivuli ni cha kutafuta. Miezi ya Aprili na Mei mvua hunyesha, na mawe yakilowa huteleza vibaya, hasa kwenye njia ya matao.

Tenga saa mbili. Anayekuambia nusu saa inatosha anakupeleka dukani kwa jamaa yake.

Nifikeje?

Ukitoka stesheni ya treni ya SGR pale Miritini, panda matatu ya mjini, kisha tuktuk mpaka Fort Jesus. Ukitoka kusini, vuka feri Likoni, na hapo matatu za mjini ziko nyingi, shuka Posta utembee au uchukue tuktuk. Kwa miguu kutoka Posta ni mwendo wa kawaida. Dereva wa tuktuk mwambie "Fort Jesus" au "Ngomeni", na bei mpatane kabla ya kuketi. Gari binafsi utaliegesha karibu na ngome, lakini usithubutu kuliingiza Mji wa Kale. Mitaa yake ilipimwa kwa punda na mkokoteni.

Nivae nini?

Ngomeni penyewe hakuna sharti, ni makumbusho. Lakini ukitoka tu upo Mji wa Kale, mtaa wa watu wanaoishi, wengi wao Waislamu, na watoto wanakwenda madrasa. Mabega na magoti yafunikwe. Leso moja begani inatosha. Viatu viwe vya kushika, si vya kisigino.

Kofia na maji, hayo hayana mjadala. Maji usiyabebe kwenye mfuko wa nailoni, kwa sababu Kenya iliipiga marufuku mifuko hiyo mwaka 2017.

Naweza kupiga picha?

Za kwako na za familia, piga. Ukija na kamera kubwa, vifaa vya filamu au bwana harusi na bibi harusi wake, omba ruhusa ofisini kwanza. Ndani ya kumbi, zima mwanga wa kamera, rangi za zamani haziupendi. Mitaani omba ruhusa kwa watu: "Shikamoo bibi, naweza kukupiga picha?" Akikataa, mshukuru uende zako. Akikubali, mtumie picha yake.

Ramadhani je? Na Ijumaa?

Makumbusho hufunguliwa kama kawaida. Kinachobadilika ni mji. Mchana wa Ramadhani migahawa mingi ya Mji wa Kale hufunga, na kula au kunywa hadharani mbele ya waliofunga si ustaarabu. Ila ukivumilia mpaka magharibi, mitaa hufurika viazi karai, bajia, kaimati na maji ya ukwaju, na hakuna wakati mzuri kuliko huo wa kuwa Mombasa. Ijumaa epuka kuzurura vichochoroni wakati wa sala ya adhuhuri, kwani maduka hufungwa na misikiti hufurika.

Nina mama mzee anayetumia mkongojo. Ataweza?

Uwanja ataufikia, japo njia ya kuingilia inapanda na mawe yake hayako sawa. Ukumbi mkuu wa maonyesho pia. Juu ya kuta na Omani House kuna ngazi, na njia ya matao haifai kwake. Kwa kiti cha magurudumu utahitaji watu wawili wenye nguvu, na hata hivyo sehemu nyingi hazitafikika. Mlete asubuhi mapema, mtafutie kivuli, na mwombe mwongozaji akae naye amsimulie. Wazee wa pwani wakianza kusimuliana na mwongozaji, mara nyingi mwongozaji ndiye anayeondoka na habari mpya.

Watoto wadogo washikwe mkono juu ya kuta. Ulinzi wa pembeni haupo kila mahali.

Nitakula wapi?

Si ndani. Nje utapata madafu, na kwenye vichochoro vya Mji wa Kale kahawa chungu kwa kashata, mahamri kwa mbaazi asubuhi, mishkaki jioni. Ukitaka upepo, chukua tuktuk mpaka bustani ya Mama Ngina kando ya bahari, ule mihogo ya kukaanga kwa ndimu na pilipili ukitazama meli zinavyoingia Kilindini.

Ni kweli Ngomeni kuna majini?

Utaambiwa hivyo na watu wazima wenye akili timamu. Mahali palipofia watu kwa miaka mia tatu, kwa vita, tauni na kifungo, haliwezi kukosa maneno. Mimi najua paka wapo.

Baada ya ngome niende wapi?

Ingia Ndia Kuu kwa miguu. Tazama milango ya nakshi na roshani za mbao, pita Msikiti wa Mandhry uliojengwa mnamo 1570, teremka Forodhani hadi Bandari ya Kale ambako majahazi bado hutia nanga. Karibu na ngome kuna Kituo cha Utamaduni wa Waswahili, ambapo vijana hufundishwa useremala wa nakshi na ushonaji. Ukitaka zawadi, nunua hapo au kwa fundi unayemwona akichonga kwa macho yako. Vinyago vingi vinavyouzwa mlangoni mwa ngome ni vizuri, lakini si vya hapa, na muuzaji mwaminifu atakuambia.

Kwa nini sehemu nyingine zinakarabatiwa kila mara?

Kwa sababu bahari haipumziki. Chumvi hula matumbawe, na mawimbi yalikuwa yameanza kula mwamba wenyewe chini ya ngome, mpaka ukuta wa kuyazuia ukajengwa miaka ya karibuni. Ukuta wa matumbawe hutakiwa kuzibwa kwa chokaa, si saruji. Saruji hufungia unyevu ndani, na jiwe huanza kupasuka kutoka moyoni. Chokaa ni kazi ya polepole, yenye mafundi wachache. UNESCO iliiingiza ngome katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2011, na tangu hapo mtu hawezi kupachika dirisha la alumini kwa sababu tu limepatikana kwa bei nafuu.

Kuna magereza mengine ya zamani ya namna hii pwani?

Lamu, tena hapo gereza ni la juzi zaidi. Ngome ya Lamu, iliyomalizika kujengwa mnamo 1821, ilitumika kama jela kuanzia 1910 hadi 1984, kwa hiyo wapo watu hai walioijua ikiwa na wafungwa. Sasa ni makumbusho na maktaba, mbele yake uwanja wa Mkunguni ambao ndio sebule ya mji mzima. Ng'ambo ya bahari, Ngome Kongwe ya Unguja nayo iliwahi kuwa gereza, na siku hizi ni uwanja wa muziki na filamu. Ukiniuliza ipi imefaulu zaidi kuwa mahali pa sanaa, nitasema Unguja, kwa kuwa watu wa mji wenyewe huingia usiku kusikiliza muziki. Fort Jesus bado inangojea Wamombasa waizoee hivyo. Wengi wetu tuliingia mara moja na shule, hatukurudi mpaka tulipopata mgeni wa kumtembeza.

Naweza kutembelea gereza la sasa?

La. King'orani na Shimo la Tewa ni magereza yanayofanya kazi, yana wafungwa na familia zao zinazosubiri nje. Usisimame pale kupiga picha.

Nimeona kigae cha kauri kwenye mchanga chini ya ngome. Nikichukue?

Kiache hapo hapo. Vitu vya kale nchini Kenya vinalindwa na sheria ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006, na kigae kikishatoka mahali pake hakimwelezi tena mchimbaji kitu chochote. Piga picha, kumbuka ulipokiona, umwonyeshe mfanyakazi wa makumbusho ukirudi juu. Ukikiona kinauzwa barabarani, usinunue.